Bwawa Dogo, Hatari ya Nani?

Mdharau mwiba mguu huota tende, walinena wahenga. Msemo huu hunijia kila ninapolikuta neno "dogo" katika karatasi za kiserikali zinazohusu mabwawa ya maji. Bwawa dogo, hatari ndogo: maneno haya yamefungishwa ndoa katika kanuni zetu kana kwamba moja haliwezi kuishi bila ya jingine. Ndoa hiyo ndiyo ninayokusudia kuipinga leo mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi wao.

Yamkini msomaji wa kisiwani atashangaa. Mombasa haina mto hata mmoja. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, nayo mvua ikinyesha huzama ardhini au hukimbilia baharini. Hapa Mji wa Kale wazee wetu walichimba visima uani na kujenga mabirika. Hata Wareno walioanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 hawakuweza kukaa ndani ya kuta zao bila birika la maji ya mvua. Tangu mwaka 1957 tumeletewa maji kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, zaidi ya kilomita mia mbili kutoka hapa, na pindi yanapokatika twategemea mikokoteni yenye mitungi. Mzee mmoja wa barazani kwetu Kibokoni alinisikia nikilizungumzia jambo hili akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, sisi watu wa pwani bwawa latuhusu nini? Mafuriko yetu ni ya mitaro iliyoziba."

Swali lake ni zuri, na jibu lake halihitaji hotuba. Nyama tunayoila hapa hutoka katika ng'ombe wanaonyweshwa kwenye malambo ya Kinango na Samburu. Vijana wetu huajiriwa katika mashamba ya bara ambako kila mwenye ekari nyingi ana bwawa lake la kumwagilia. Walimu wetu hupelekwa kufundisha katika shule zilizo chini ya mabwawa hayo, nao hawaambiwi kilichoko juu ya kilima. Na huko Kwale, kwenye mto Mwache, serikali imepanga bwawa kubwa la kuinywesha Mombasa yenyewe. Bwawa hilo kubwa halinitii hofu sana, kwa sababu kubwa hutazamwa na wahandisi, wakopeshaji, wabunge na waandishi wa magazeti. La kuogofya ni lile lisilotazamwa na mtu.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la aina hiyo lilipasuka huko Solai, Kaunti ya Nakuru. Lilijulikana kama bwawa la Patel, nalo lilikuwa mali ya shamba la mtu binafsi. Tuta lake lilikuwa la udongo, limekaa juu ya mteremko, na chini ya mteremko kulikuwa na vijiji. Mvua za masika za mwaka ule zilikuwa nzito mno baada ya ukame mrefu. Tuta likaachia. Maji yalishuka gizani yakizoa nyumba, nguzo za umeme, mifugo na majengo ya shule ya msingi. Watu wasiopungua 47 wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Waliookoka walieleza kwamba walisikia mngurumo kabla ya kuona chochote. Siku zilizofuata wahandisi walilazimika kuyapunguza maji katika bwawa jingine la shamba hilohilo, lisije likafuata la kwanza.

Kisha likatokea lile ambalo lingalikuwa kichekesho kama lisingalikuwa msiba. Mamlaka inayosimamia rasilimali za maji ilitamka kwamba bwawa lile halikuwa na kibali. Waama, bwawa si sindano. Ni jambo linaloonekana kutoka barabarani, kutoka kilima cha pili, na kutoka angani. Mwezi Julai mwaka huohuo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliamuru watu tisa washtakiwe kwa kuua bila kukusudia. Miongoni mwao walikuwamo wahusika wa shamba na maafisa wa umma waliopaswa kulikagua. Mwaka 2020 mahakama ya Naivasha iliwaachilia kwa kuwa upande wa mashtaka haukuwa tayari kuendelea, kisha baadaye mwaka huohuo Mahakama Kuu ikaubatilisha uamuzi huo na kuamuru kesi isikizwe upya. Kisa cha mahakamani nawaachia wanasheria. Mimi nataka turudi nyuma, kwenye jedwali.

Kanuni zilizokuwapo Solai ilipozama ni zile za usimamizi wa rasilimali za maji za mwaka 2007. Ziliyagawa mabwawa ya Kenya katika madaraja matatu. Daraja A ni la hatari ndogo: kina cha maji kisichofika mita 5, ujazo usiofika mita za ujazo 100,000, na eneo linalokusanya mvua lisilofika kilomita za mraba 100. Daraja B, la hatari ya wastani, lina kina cha mita 5 hadi karibu 15, na ujazo wa kati ya mita za ujazo 100,000 na milioni moja. Daraja C, la hatari kubwa, ni lile lililozidi hapo. Daraja likipanda, masharti nayo hupanda: nani achore ramani ya ujenzi, mkondo wa kutolea maji ya ziada uwe mpana kiasi gani, ukaguzi uwe wa namna gani.

Someni jedwali hilo mara mbili. Kina, ujazo, eneo la mvua. Vipimo vyote vitatu ni vya maji. Hakuna hata kimoja kinachohesabu watu.

Wanafunzi wa hisabati na washike kalamu. Wajenzi wa malambo katika nchi yetu wana hesabu nyepesi ya kukadiria ujazo: zidisha upana wa maji kwenye tuta, urefu wake kuelekea nyuma na kina chake kikubwa kabisa, kisha ugawe kwa 6. Chukua bwawa lenye upana wa mita 150, urefu wa mita 300 na kina cha mita 4.9. Jibu ni mita za ujazo 36,750. Kwa kina ni Daraja A. Kwa ujazo ni Daraja A, tena halifiki hata nusu ya kikomo. Hatari ndogo! Lakini kila mita ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, kwa hiyo mwenye bwawa ameweka tani 36,750 juu ya kilima. Kwa kipimo chetu cha Mombasa ni mitungi ya lita 20 ipatayo 1,837,500, na mkokoteni wenye kubeba mitungi 20 ungehitaji safari zaidi ya 91,000 kuimaliza. Sasa wazia mitungi hiyo yote imemwagwa kwa muda wa dakika chache juu ya kijiji kilicholala. Mtoto aliyelala humo atanufaika nini kwa kuambiwa kwamba kina hakikufika mita 5?

Haifai kumlaumu mwenye bwawa kabla ya kueleza vipi tuta la udongo huvunjika, maana wengi hudhani ni nguvu za maji peke yake. La hasha. Tuta lililojengwa kwa udongo mzuri wa mfinyanzi, likashindiliwa tabaka kwa tabaka, laweza kukaa vizazi na vizazi. Adui yake wa kwanza ni maji kupita juu ya mgongo wake. Zege laweza kuvumilia kupitiwa kwa muda, udongo hauwezi. Maji yakipata upenyo mdogo juu, hukata mfereji, mfereji huwa korongo, na baada ya muda mfupi hakuna tuta tena. Ndiyo maana kila bwawa la udongo lapasa kuwa na mkondo wa pembeni wa kutolea maji ya ziada, na ndiyo maana mkondo huo usizibwe kwa magogo, kwa uzio wa samaki, wala na mwenye shamba anayetamani kuongeza maji kidogo ya kiangazi. Adui wa pili hufanya kazi kwa siri. Maji hujipenyeza ndani ya tuta, hutokea upande wa pili, na yakitoka huondoka na chembe za udongo. Leo ni kijitundu, kesho ni bomba. Mtu aliyefunzwa huyatazama maji yanayovuja: yakiwa maangavu, hayatii hofu kubwa, yakiwa na tope, tuta linaliwa kutoka ndani na yapasa watu waondolewe.

Vijitundu hivyo huanzishwa na nini? Mara nyingi ni mizizi ya miti iliyoachwa kumea juu ya tuta, ikafa, ikaoza na kuacha njia. Mara nyingine ni wanyama wachimbao. Hapa wale waliosoma chuoni Mji wa Kale watatabasamu, kwa kuwa kisa hiki walikisikia utotoni. Surat Saba yalitaja gharika lililowapata watu wa Saba kule Yemen, na wafasiri wa kale wakasimulia kwamba panya ndio waliolitoboa tuta lao. Tuta lenyewe ni la kihistoria: ni bwawa la Maarib, tuta la udongo lililovikwa mawe, lenye urefu wa karibu mita 600, lililodumu kwa zaidi ya miaka elfu moja kwa kukarabatiwa mara kwa mara kabla ya kubomoka kabisa katika karne ya 6. Mji ukafa, bustani zikageuka jangwa. Si juu yangu kuwafundisha masheikh tafsiri, lakini mhandisi wa leo akisikia habari ya panya hacheki. Katika orodha yake ya ukaguzi ameandika mashimo ya wanyama.

Basi kama jedwali letu limepima maji na kuwasahau watu, wenzetu walifanyaje? Walifanya kama sisi, mpaka walipozika maiti. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977, huko Toccoa, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, bwawa la udongo lililoitwa Kelly Barnes lilipasuka juu ya chuo cha Biblia kilichokuwa mmiliki wake. Lilikuwa limejengwa kwa ajili ya kuzalisha umeme, kisha umeme ukaachwa likabaki kuwa ziwa la matembezi. Kimo chake kilikaribia mita 12, na maji yake yalikuwa kama robo tatu ya milioni ya mita za ujazo. Watu 39 walikufa, jamaa za chuo, wakiwemo watoto wadogo. Lipeleke bwawa hilo kwenye jedwali letu la mwaka 2007 uone: kwa kina na kwa ujazo lingekaa Daraja B, na kwa eneo lake la mvua lingekuwa A. Hatari ya wastani.

Baada ya Toccoa, Rais Carter aliamuru mabwawa ya watu binafsi yakaguliwe yale ambayo kuvunjika kwake kungeua watu. Nchini Marekani leo bwawa hupewa daraja la hatari kwa kuulizwa swali moja tu: likivunjika, nini kitatokea chini yake? Pakiwepo uwezekano wa mtu kufa, daraja lake ni la juu, hata kama laweza kuzungukwa kwa miguu kabla chai haijapoa. Jambo hili lina maana ambayo wanafunzi wapaswa kuishika barabara, kwani hata magazeti huipotosha: daraja la hatari halisemi kwamba bwawa ni bovu. Bwawa lililojengwa kwa ufundi wa hali ya juu kabisa, bila ya ufa hata mmoja, huwa la hatari kubwa ikiwa chini yake pana shule. Na bwawa bovu kupindukia, lililo katikati ya pori tupu, laweza kuwa la hatari ndogo. Ubovu ni hali ya tuta. Hatari ni hali ya majirani zake.

Uingereza iliamshwa na msiba wa Dolgarrog, huko Wales, tarehe 2 Novemba 1925, watu 16 walipokufa kwa maji ya mabwawa mawili, moja likibomolewa na maji ya jingine. Sheria ikafuata mwaka 1930, na nyingine mwaka 1975 iliyoweka kikomo cha mita za ujazo 25,000: ukizidisha hapo, lazima mhandisi aliyesajiliwa alikague bwawa lako. Wales yenyewe ikakishusha kikomo hicho hadi 10,000 mwaka 2016. Lile bwawa letu la kalamu, la mita za ujazo 36,750, ambalo kwetu ni daraja la chini kabisa, kwao lingekuwa chini ya jicho la sheria. Wala tusiambiwe kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Afrika Kusini huchanganya mizani miwili, ukubwa wa bwawa na madhara yake kwa walio chini, ndipo hutoa daraja.

Kuna jambo jingine ambalo jedwali la vipimo haliwezi kuliona kamwe, nalo ni wakati. Mabwawa mengi ya mashamba ya bara yalichimbwa siku za walowezi, wakati ambapo chini yake palikuwa na malisho matupu. Miaka ikapita. Mashamba yakagawanywa, vyama vya kununua ardhi vikawagawia wanachama wao vipande, wafanyakazi wakajenga vibanda karibu na kazi, kanisa likaja, duka likaja, shule ikafuata watoto. Bwawa halikusogea hata hatua moja wala halikuongezeka kina. Lakini hatari yake ilikua kila mwaka, kimya kimya, na aliyeikuza hakuwa mwenye bwawa peke yake: ni aliyeuza viwanja, ni aliyevipima, ni aliyetia saini ramani ya shule. Nasema haya nikijua kwamba baadhi ya wamiliki watanishukuru na baadhi ya wapima ardhi watanuna.

Nitakuwa dhalimu nikiwashambulia wenye mabwawa bila kutaja fadhila zao. Pasipo malambo haya, kiangazi cha Kinango kingemaliza mifugo, na maua, kahawa na mboga za bara zisingestawi. Aidha kumkagua mtu si kumtukana. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 imetamka kwamba maji yote ya nchi yako mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa amana ya wananchi. Udongo wa tuta ni wako, shamba ni lako, lakini yale maji umeyaazima, na mwenye kuazima hukubali kuulizwa. Mwenye chombo cha kuvusha watu Likoni hukaguliwa, na yeye hubeba watu wanaojua kwamba wamepanda chombo. Wanaokaa chini ya bwawa hawakukata tikiti.

Pia tusidhani kwamba orodha ya mabwawa ikikamilika kazi imekwisha. Mwishoni mwa Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu, maji yalishuka usiku yakaua makumi ya watu. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba halikuwa bwawa: njia ya maji chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba kwa udongo na magogo, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka yakapata pa kutokea. Kwa maneno mengine, tuta la reli liligeuka bwawa bila kibali, bila mmiliki aliyejijua, bila daraja lolote. Siku chache baadaye serikali iliwaamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame kwa muda wa saa 24. Nilipoisikia hesabu hiyo nilijiuliza ilikuwa imekaa katika kabati gani hapo kabla. Kama ilijulikana mwezi wa Mei kwamba mabwawa hayo ni ya kuhofiwa, yalijulikana Januari pia, na Januari ndipo tuta huwa limekauka, maji yako chini, na fundi aweza kulizunguka akaona kila ufa.

Ninapendekeza walimu wa jiografia wasiingoje wizara. Ramani za mistari ya kimo zimo katika mtaala wetu, na kila mwaka watahiniwa huulizwa waelekeze mto unatiririka upande upi. Kwa nini zoezi hilo lisifanywe kwa ramani ya mahali shule ilipo? Chora kilima, tafuta kila mahali maji yaliposimamishwa na binadamu, liwe bwawa la mtu, lambo la kijiji au tuta la barabara, kisha fuata mkondo kwa kalamu nyekundu mpaka uione kalamu imepita wapi. Ikipita darasani, ramani hiyo ipelekwe kwa chifu na kwa ofisi ya maji ya eneo, nakala moja ibandikwe mlangoni kwa mwalimu mkuu. Sisi wa kisiwani twaweza kuanza na wanafunzi wetu walio katika shule za bweni za bara: wakirudi likizo ya Disemba, waulizwe kama juu ya shule yao pana maji yaliyosimama, na kama yapo, yana mlango wa kutokea au hayana. Wapo watakaosema kwamba hawajawahi kupanda kilima hicho. Basi wakirudi muhula wa kwanza wapande, kabla masika hayajaanza.